Usiku mama alipokuwa jahazini

Usiku wa pili baada ya upasuaji, mama yangu aliniambia nikae chini kwa sababu jahazi linayumba. Aliyasema maneno hayo kwa sauti ya upole, sauti ya mtu anayewajali wenzake safarini, huku mkono mmoja umeshika chuma cha kitanda na mwingine unaupapasa mpira wa dripu kama anayetafuta kamba ya tanga. Wakati huo nilikuwa nimefanya kazi ya uuguzi miaka tisa, yote katika wodi ya wazazi, na nilimjibu jibu ambalo leo nisingependa kulisikia kinywani mwa nesi yeyote: "Mama, acha maneno hayo, hapa ni hospitali." Alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mwenzake aliyesema uongo mbele za watoto. Haikupita robo saa akawa ameichomoa dripu, damu imetapakaa kwenye shuka, na ameuvuta mpira wa mkojo hadi akapiga ukelele ulioamsha wodi nzima. Mikono yake ikafungwa kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda.

Mama alikuwa ameanguka uani kwake Pangani, alfajiri, akienda kutawadha. Mfupa wa nyonga ulivunjika. Alisafirishwa hadi hospitali moja kubwa ambayo sitaitaja, akalala siku nne akisubiri zamu yake, kisha akafanyiwa upasuaji kwa sindano ya ganzi ya mgongoni. Mfupa uliungwa vizuri, na mpaka leo sina neno baya juu ya mkono wa daktari aliyeuunga. Jioni ya siku ile mama alikunywa chai, akauliza habari za kuku wake, akaswali kwa ishara akiwa amelala. Sisi watoto tukapigiana simu kupongezana. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa mtu wa umri wake safari ilikuwa bado inaanza.

Asubuhi baada ya usiku ule kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Kaka yangu, ambaye ni mtu wa busara katika mambo mengine yote, alisema mama amepandisha, na akaanza kuuliza nani alimtembelea na amemletea nini. Shemeji alisema ni nusukaputi imempanda kichwani, ingawa mama hakupewa nusukaputi kabisa. Nesi wa zamu, mwenzangu kwa kazi, alisema kwa huruma, "Wazee ndivyo walivyo, dada, atazoea." Nimeyafikiria sana maelezo hayo matatu tangu siku ile. Hayafanani hata kidogo, lakini kila moja lilifanya kazi ile ile ya kumwondolea msemaji haja ya kuendelea kutafuta. Kama ni shetani, atafutwe mganga. Kama ni dawa, itaisha yenyewe. Kama ni uzee, hakuna la kufanya.

Hali ile ina jina, nalo ni diliriamu. Asili ya neno ni Kilatini, na maana yake ya awali ni kutoka nje ya mfuo wa jembe, kama ng'ombe anayelima akiacha mstari na kuingia kwenye majani. Mfano huo naupenda kwa sababu hausemi kwamba ng'ombe amekufa wala jembe limevunjika. Diliriamu huja ghafla, kwa saa au siku chache, na hupanda na kushuka ndani ya siku moja, hivi kwamba mgonjwa anaweza kuzungumza nawe vizuri saa nne asubuhi na saa nne usiku asijue yuko wapi. Kinachovunjika kwanza ni uwezo wa kuishika fikra moja na kukaa nayo. Hapo ndipo inapotofautiana na ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ambao huingia polepole kwa miezi na miaka, ingawa mwenye ugonjwa huo wa kusahau ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kupata diliriamu akivunjika mfupa au akifanyiwa upasuaji mkubwa.

Kiswahili hakikosi maneno hapa. Mtu huweweseka, hupayapaya, huropoka, huchanganyikiwa. Lakini ukiyatazama vizuri, karibu yote ni maneno ya kelele. Yanamhusu mtu anayesema, anayepiga mayowe, anayetaka kushuka kitandani. Hatuna neno jepesi la mtu aliyechanganyikiwa kimyakimya, na nadhani ukosefu huo ulitugharimu, kwa sababu siku ya tatu mama alinyamaza, na sisi tukamshukuru Mungu.

"Ametulia," tukaambiana. Kaka akarudi Pangani kuangalia shughuli zake. Mama alilala mchana kutwa, macho nusu wazi, vidole vikichezea ukingo wa shuka taratibu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayechagua mchele kwenye ungo. Uji tuliompa ulibaki shavuni bila kumezwa. Wageni walipokuja na kusema "Shikamoo, bibi," aliitikia "Marahaba" kwa sauti iliyonyooka kabisa, nao wakatoka wakisema mgonjwa hajambo, kaitika salamu. Leo ninajua kwamba marahaba si kipimo cha akili. Neno hilo limeitikiwa mara elfu nyingi katika maisha ya mzee wa pwani, limezama mahali ambapo hata fahamu ikipungua halipotei, na nimeshamsikia mgonjwa akilitamka kwa mtu, kwa redio na kwa mlango uliojifunga kwa upepo. Muulize swali la pili. Muulize amekula nini, nani amelala kitanda cha jirani, kwa nini mguu wake una bandeji. Katika swali la pili ndipo utakapoona kama yupo.

Diliriamu ya kimya ndiyo inayopita bila kuonekana, kwa sababu haimsumbui mtu. Mgonjwa anayepiga kelele huitiwa daktari. Asiyesumbua husifiwa, naye hanywi maji, hageuzwi, hakohoi vizuri, na huku mapafu yanajaa na ngozi ya makalio inaanza kuchubuka.

Aliyetuokoa alikuwa daktari kijana aliyekuwa katika mafunzo ya vitendo, binti ambaye sidhani alikuwa amefikisha miaka ishirini na saba. Hakuuliza kama mama ana historia ya kichaa. Aliuliza mama alipata choo lini mara ya mwisho. Tukatazamana. Aliuliza kama nyumbani huvaa miwani, nami nikakumbuka kwamba miwani yake na meno yake ya bandia vilikuwa ndani ya mkoba wangu, nimeviweka humo visipotee. Kisha akakaa pembeni ya kitanda na faili, akaanza kusoma karatasi ya dawa mstari kwa mstari, na nikiwa nimesimama nyuma yake nikaona nilichopaswa kukiona mimi mwenyewe siku mbili kabla. Mama alikuwa anapewa promethazini kwa ajili ya muwasho, na diazepamu usiku "ili alale". Dawa ya maumivu ilikuwa parasitamo, na mbele yake pameandikwa kwamba apewe akihitaji.

Neno hilo "akihitaji" naomba tulitazame kidogo, kwa maana lipo katika faili nyingi. Linamtaka mgonjwa ajue kwamba anaumwa, ajue kwamba kinachouma kina dawa, ajue nani wa kumwomba, na aikumbuke haja hiyo mpaka nesi apite. Mtu aliyechanganyikiwa hana hata moja kati ya hayo. Haombi dawa, anavuta mpira. Hasemi nyonga inauma, anasema jahazi linayumba. Mfupa uliovunjika na kupigiliwa chuma ukatulizwa kwa maneno "akihitaji" ni mfupa ambao haukutulizwa, na maumivu yenyewe ni miongoni mwa mambo yanayoiwasha diliriamu, kama vile dawa za maumivu zenye nguvu zikizidi nazo zinavyoiwasha. Ndiyo maana dozi ndogo ya saa maalumu, parasitamo ikiwa ndiyo msingi wake, ni bora kuliko kusubiri ukelele.

Promethazini, amitriptilini na dawa nyingine za jamii hiyo huzuia kemikali ambayo ubongo unaitumia kushika umakini, na ubongo wa mzee hauna akiba kubwa ya kemikali hiyo. Diazepamu humlaza mgonjwa, lakini usingizi wake hauponyi, na asubuhi humwacha amechanganyikiwa zaidi. Pethidini, dawa kali ya maumivu, nayo ina sifa mbaya katika jambo hili. Daktari yule aliifuta promethazini na diazepamu kwa mstari wa kalamu. Mkojo ulipimwa ukakutwa na maambukizi, mpira ukatolewa siku ile ile, mama akapewa dawa ya kulainisha choo, na kipimo cha malaria, cha sukari na cha damu vikafanywa pamoja na kumbana kidoleni kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni. Kwetu Afrika Mashariki malaria haiachwi nje ya orodha hata kama mgonjwa ametoka chumba cha upasuaji jana, na nimeona sukari iliyoshuka ikiitwa pepo.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kumsaidia mtu arudi kutoka huko ni kazi mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kutafuta kilichomsukuma nje ya mfuo, na mara nyingi si kimoja. Mama alikuwa na maumivu, mkojo mchafu, choo kilichofunga siku sita, dawa mbili mbaya, kiu na giza la mtu asiye na miwani. Kiu hiyo alijitia mwenyewe. Alikuwa anakwepa kunywa maji kwa aibu ya kuomba chombo cha haja mbele ya wagonjwa wenzake, jambo ambalo baada ya mpira kutolewa lilitulazimu tutafute pazia na kumpeleka kwa saa maalumu bila kumngojea aombe. Kazi ya pili ni kumrudisha, na kazi hiyo haina sindano.

Watu wengi huniuliza kuhusu ganzi, wakiamini kwamba sindano ya mgongo ingemwepusha mzee wao na hali hii. Mwaka 2021 zilitoka tafiti mbili kubwa kuhusu wagonjwa waliovunjika nyonga, moja ya Marekani na Kanada iliyokuwa na watu 1,600 na nyingine ya China iliyokuwa na watu 950, na zote mbili hazikuona tofauti ya maana ya diliriamu kati ya waliochomwa mgongoni na waliolazwa kabisa kwa nusukaputi. Mama yangu alichomwa mgongoni na akapanda jahazi vilevile.

Vivyo hivyo kuhusu dawa za kutuliza. Familia hutaka "kitu cha kumtuliza", na sisi manesi, tukiwa wawili kwenye wodi yenye wagonjwa arobaini, hutaka zaidi yao. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018, uliofanywa kwa wagonjwa 566 wa vyumba vya uangalizi maalumu, ulilinganisha haloperidoli na ziprasidoni na dawa isiyo na kitu, na siku za kuchanganyikiwa hazikupungua kwa dawa yoyote kati ya hizo. Dozi ndogo ina nafasi yake pale mgonjwa anapohatarisha uhai wake au wa wengine, kwa muda mfupi, wala isiitwe tiba.

Ipo hali moja ambapo diazepamu ndiyo tiba yenyewe, nayo lazima niitaje kwa sababu familia zetu huificha. Mtu aliyezoea pombe kila siku akilazwa na kuikosa ghafla, siku ya pili mpaka ya nne huanza kutetemeka, kutoka jasho, kuona wadudu ukutani, na anaweza kupata degedege na kufa. Huyo anahitaji dawa hiyo na vitamini ya thiamini, mapema. Nimesimama mbele ya watoto wa mzee mmoja, mtu wa heshima msikitini, wakaniapia kwamba baba hajawahi kuonja, mpaka mjukuu wake mdogo akaniambia mlangoni kwa sauti ya chini jina la duka. Daktari akiuliza kuhusu pombe kabla ya upasuaji hamchunguzi mtu dhambi zake. Ajibiwe.

Sasa nirudi kwenye kazi ya pili. Miezi kadhaa baada ya mama kutoka hospitali niliomba kuhamishwa kutoka wodi ya wazazi kwenda ya upasuaji, na katika kujisomea usiku nikakutana na kazi za daktari Sharon Inouye wa Marekani. Mwaka 1990 yeye na wenzake walichapisha njia fupi ya kuitambua diliriamu kitandani ambayo inatumika mpaka leo, na mwaka 1999 wakachapisha matokeo ya wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika hospitali ya New Haven. Nusu yao walipewa huduma ya kawaida. Nusu nyingine waliongezewa mambo ambayo bibi yeyote wa Pangani angeyaona ya kawaida mno kuitwa utafiti: mtu wa kuwaambia leo ni siku gani na wako wapi, kutembezwa, kupewa miwani na vifaa vyao vya kusikia, kunyweshwa maji, na usiku, badala ya kidonge cha usingizi, kinywaji cha moto, muziki laini na kukandwa mgongo. Waliopata diliriamu walikuwa asilimia 15 katika kundi la kwanza na 9.9 katika la pili. Wagonjwa hao hawakuwa wa upasuaji, lakini miaka miwili baadaye daktari Edward Marcantonio na wenzake wa Boston waliwafuatilia watu 126 waliovunjika nyonga, wakampa kila mmoja wa nusu yao daktari wa wazee wa kusimamia dawa, maji, oksijeni, choo, mkojo, maumivu na kuamshwa mapema kitandani, na diliriamu ikashuka kutoka asilimia 50 hadi 32.

Kuna jambo katika utafiti wa 1999 ambalo halisemwi sana na ambalo kwangu ni chungu. Huduma ile ilizuia watu wasiingie, lakini kwa waliokwisha kuingia haikupunguza ukali wa hali yao kwa kiasi cha kuhesabika. Maana yake kazi hii inaanza kabla ya upasuaji, siku zile nne mama alipokuwa amelala akisubiri, haja kubwa haipati, miwani iko mkobani, na mimi niko nje ya geti nikisubiri saa ya kuona wagonjwa.

Hapa nina ugomvi na mpangilio wa hospitali zetu, nao ni ugomvi wa mtu wa ndani. Lugha yetu ina kitenzi kuuguza, nacho hakihitaji cheti. Mtu huuguza mama yake kama anavyolea mtoto, na kwa vizazi vingi hakuna mgonjwa wa pwani aliyelala peke yake. Wamarekani walilazimika kutafuta na kufundisha watu wa kujitolea ili wagonjwa wao wapate mtu wa kukaa nao. Sisi tunao, wamejaa nje kwenye mabenchi na vikapu vya chupa za chai, na tunawafungulia mlango kwa saa chache kwa siku. Ninazijua sababu, kwa kuwa siku hizi ni mimi ninayewatoa nje: maambukizi, nafasi, wizi wa simu, raundi ya madaktari. Hata hivyo, kwa mgonjwa mzee aliyetoka upasuaji mkubwa, ndugu mmoja anayekaa naye, hasa kuanzia magharibi mpaka alfajiri, simhesabu kama mgeni. Katika zamu zangu ninamruhusu, na mara mbili nimeulizwa na wakubwa zangu kwa maandishi.

Ndugu huyo awe mmoja, au wawili wanaopokezana, wala wasiwe kumi. Kosa letu familia ni kumzunguka mgonjwa kama maharusi na kumfanyia mtihani. "Mimi nani? Unanijua? Taja jina langu." Mjomba anauliza, shangazi anauliza, jirani naye anainamisha uso mpaka puani mwa mgonjwa anauliza, na mzee anayejua kwamba anapaswa kujua huku hajui anajaa hofu na haya. Ninawaambia wajitaje wenyewe kabla hawajataja kitu kingine. "Shikamoo, mama. Mimi Mwanahamisi, binti yako wa tatu. Tuko hospitali. Uliumia nyonga, wamekutengeneza juzi, inaendelea vizuri. Leo ni Jumatano, adhuhuri imeshaadhiniwa, nimekuletea mchuzi wa samaki." Sentensi fupi, sauti ya kawaida, uso ukiwa mahali anapouona, miwani ikiwa puani na meno kinywani. Halafu unanyamaza. Baada ya saa moja unasema tena, na usichoke kwa kuwa ameshaambiwa.

Akisema yuko jahazini, usibishane naye, wala usipande naye. Mtu wa jahazini ana hofu ya kuanguka, na hofu hiyo ni ya kweli hata kama bahari haipo. "Nimekushika, mama, huanguki" ni jibu lisilo na uongo ndani yake. Lingetosha usiku ule.

Wakati wa mchana kitanda kigeuzwe kuelekea dirishani kama inawezekana, mgonjwa aketishwe kwenye kiti, na mguu uliotengenezwa ukanyage chini mapema kama daktari wa mifupa anavyoruhusu, kwa sababu mzee aliyelala kutwa hana sababu ya kulala usiku. Saa iliyotundikwa ukutani inasaidia, ingawa kwa wagonjwa wengi wa pwani adhana inasaidia kuliko saa, na kwa mama yangu ilikuwa sauti ya muuza kahawa akigonga vikombe nje ya ukuta wakati wa jioni ndiyo iliyomwambia kwamba siku imekwisha.

Mikono isifungwe. Nasema hivyo nikijua hesabu ya manesi. Mtu aliyechanganyikiwa akifungwa hupigana na kamba, huvunjika, huchubuka, na akili inayotafuta maelezo hupata moja lililo baya zaidi, kwamba ametekwa. Kinachopaswa kutazamwa kwanza ni kile anachokivuta: je, mpira huu bado una kazi? Dripu hii haiwezi kufunikwa kwa shati la mikono mirefu? Mara nyingi mpira uliovutwa ulikuwa umepitisha siku zake.

Kuhusu kuitambua hali hii mapema, kipo kipimo kifupi kilichotokea Edinburgh kwa daktari Alasdair MacLullich na wenzake, kinachochukua dakika chache na kisichohitaji mafunzo marefu. Anayepima humtazama mgonjwa kama yu macho na mchangamfu, humwuliza umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka, humtaka ataje miezi kinyumenyume, na huuliza kama mabadiliko yamekuja ghafla. Alama nne na zaidi kati ya kumi na mbili ni za kushuku diliriamu. Nakitumia, lakini kwa wazee wetu kinahitaji mkono mwepesi. Mama hajui tarehe yake ya kuzaliwa na hajawahi kuijua. Januari na Februari kwake ni maneno ya watoto wa shule, ilhali atakuhesabia mfungo mosi mpaka mfungo tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani, bila kukosea. Mimi humwomba mgonjwa wa namna hiyo aanze Ijumaa na kurudi nyuma mpaka Jumamosi. Si kipimo rasmi, na siandiki alama zake kama alama. Ninachotafuta ni pale anapoanza vizuri, Alhamisi, Jumatano, kisha macho yanahama, anaanza kuzungumzia kuku, na hakumbuki kwamba kulikuwa na swali. Zaidi ya hapo hakuna kipimo kinachozidi neno la ndugu anayesema, "Huyu siye mama yangu wa juzi." Neno hilo linaandikwa kwenye faili, na daktari aambiwe.

Mama alirudi polepole. Siku mbili baada ya dawa kufutwa alikuwa na asubuhi nzuri na usiku mbaya. Siku ya sita alilalamika kwamba mchuzi hauna ndimu, nami nikalia msalani. Lakini si kweli kwamba aliyetoka amekwisha kutoka. Kwa wengi hali huondoka kwa siku au majuma, kwa wengine mabaki hukaa miezi, na waliopitia hapo wako katika hatari zaidi ya ugonjwa wa kusahau miaka inayofuata, ndiyo maana tunawataka warudi kliniki hata nyonga ikiwa imepona. Mama alikaa karibu miezi mitatu bila kuweza kuhesabu chenji ya dukani, yeye aliyeuza vitumbua miaka thelathini.

Yapo pia yale ambayo mgonjwa hayasemi. Wengi hukumbuka vipande, na wanaona aibu kuvitaja, wakidhani waliingiwa na wazimu na kwamba watoto wao wanawaficha. Katika nchi za Skandinavia manesi wa vyumba vya uangalizi maalumu walianza miaka ya 1980 kuwaandikia wagonjwa daftari la kila siku, ili baadaye wasome kilichotokea kweli. Mimi huwapa ndugu daftari la shule la kurasa arobaini na kalamu. Mama hasomi herufi hizi, na mimi wakati ule sikuandika chochote, kwa hiyo ilibidi nimsimulie kwa mdomo, na nilichelewa kwa miezi minane.

Tulikuwa Pangani, barazani, fremu ya kutembelea imeegemezwa ukutani, ungo uko mapajani mwake. Vidole vilikuwa vinachagua mchele, na safari hii mchele ulikuwepo. Aliniambia bila kuinua macho kwamba anajua lile jahazi halikuwepo.

"Lakini mikono yangu ilifungwa," akasema. "Hilo nalo niliota?"

Nikamwambia hapana, mama, hukuota.

"Alinifunga nani?"

Nikamwambia fundo alilifunga nesi. Aliyemshikia mkono chini mpaka fundo likakaza alikuwa mimi.

Akatoa kijiwe, akakitupa nje ya baraza, akaupepeta ungo mara mbili na kupuliza pumba.

"Nilidhani ni mabaharia," akasema. Kisha akaniambia nisogee, ninamziba mwanga.